Kitasa cha Duka la Mama Kurwa

Kitasa cha duka la vitenge la Mama Kurwa kilikuwa kimechakaa siku nyingi. Springi ilishakufa, mkono ukabaki unaning'inia, na asiyejua ujanja wake angeushusha mpaka achoke bila kuingia. Ilibidi kwanza uunyanyue, uuvute mlango kwako, ndipo ushushe. Karatu nzima walioujua ujanja huo ni Mama Kurwa na marehemu mumewe, Haruna.

Hamidi, mdogo wa marehemu, alikuwa na ufunguo uliotoka mfukoni mwa kaka yake, lakini mlango ukamshinda. Akamwita fundi Tluway.

"Shemeji yuko eda," alimwambia. "Anataka akimaliza akute mlango mzuri. Weka kitasa kipya chote."

Tluway, Mwiraqw na Mkatoliki, kuhusu eda alijua jambo moja tu: mjane hasumbuliwi. Nyumba ilikuwa nyuma ya soko, angeweza kupiga hodi akauliza. Akaona ni kukosa adabu. Heshima yake hiyo ndiyo iliyomponza.

Aling'oa kitasa cha zamani, akapanua tundu kwa patasi, akafunga kipya na kukipaka grisi. Mkono ukashuka laini kabisa, naye akajisifu moyoni. Funguo mpya akamkabidhi Hamidi.

"Hicho kibovu katupe," Hamidi akasema.

Lakini Tluway hatupi chuma cha mtu. Kilichochakaa hurudi kwa mwenyewe, asije akadhani fundi amekiuza. Akakipeleka nyumbani, akakaribishwa na sauti ya Mama Kurwa kutoka nyuma ya pazia.

"Pole na msiba, mama. Nimekuletea kitasa chako cha zamani. Kipya kimekaa vizuri."

"Kipya kipi, fundi?"

Akamweleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo ulimi ulivyozidi kuwa mzito.

"Funguo umempa nani?"

"Shemeji yako."

"Zote?"

"Zote, mama."

Mkono ulitokea kando ya pazia, ukakipokea kile chuma. "Duka hilo nilifungua kabla sijaolewa," alisema taratibu. "Haruna alilikuta. Huyu amelimezea mate tangu siku ya mazishi. Na nikitoka leo kulidai, atatangaza msikitini kwamba nimevunja eda ya kaka yake. Hilo ndilo analolingoja. Kikulacho ki nguoni mwako, fundi."

Tluway alirudi dukani mbio na bisibisi mkononi. Alikiweka mwenyewe kile kitasa, atakitoa mwenyewe.

Alikuta pikapu imeegeshwa kinyumenyume, imejaa nusu kwa majora ya vitenge. Upepo ulikuwa umeubamiza mlango. Kabla hajaufikia, mkono mpya ulishuka, mlango ukafunguka bila kelele, akatoka Hamidi na majora kifuani, mikono yote miwili imejaa. Alikuwa ameufungua kwa kiwiko.

"Kazi safi, fundi," akasema, akapita.