Kinundu cha Fundi Cherehani

Uzazi wa nne nusura umwondoe duniani mke wa fundi cherehani. Mumewe hakungoja kuombwa. Alikwenda mwenyewe hospitali akafungwa mirija ya mbegu, na wiki iliyofuata alikuwa kwenye cherehani yake akishona sare za shule.

Mwezi wa tano tangu afungwe, akiwa anaoga, aligusa kinundu kidogo juu ya korodani ya kushoto, ukubwa wa punje ya mahindi. Kilimuuma kila alipokanyaga pedali kwa muda mrefu. Hakumwambia mtu. Shemeji yake, kaka wa mkewe, muuza vitambaa asiye na breki mdomoni, alikwisha kumtania kwamba amegeuzwa maksai. Angemwongezea ya kusema? Akawa anashona amekaa upande upande, na kulala akahamia sebuleni, eti chumbani kuna joto. Mkewe aliyaona yote, akayasoma kivyake.

"Kama unajuta, niambie, baba watoto," alimwambia asubuhi moja akikunja nguo. "Usininyamazie tu."

Ndipo fundi akamweleza, macho chini, kwamba anaogopa ni saratani. Mkewe aliacha nguo palepale, akachukua mkoba, wakaenda wote.

Daktari, mama wa makamo, alimpima bila haraka, akamtuma apigwe picha ya ultrasaundi. Majibu yalipotoka akawaeleza kwamba mbegu bado hutengenezwa kila siku, ila njia imefungwa, na kidogo zilikuwa zimevuja pale mrija ulipokatwa. Chembe nyeupe za damu, zile za kulinda mwili, hazikuzoea kukutana na mbegu. Zikazizingira kama mgeni asiyejulikana, zikaanza kuzila, zikajazana hapo.

"Kwa hiyo mwili wangu unanipiga vita?" fundi aliuliza.

"Unafanya usafi," daktari akajibu. "Si saratani. Na uanaume wako uko palepale."

Mkewe alishusha pumzi, akamshika mkono mbele ya daktari, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo.

Kwa dawa za kupunguza uvimbe na chupi ya kubana, maumivu yaliisha baada ya wiki sita. Kinundu kilisinyaa, hakikwisha kabisa, naye akakizoea. Akarudi chumbani.

Shemeji alipoanza tena utani wake, fundi alimsimulia habari yote, mbegu na walinzi wa mwili, bila kuona haya. Shemeji akaacha kupima kitambaa. Mke wa shemeji huyo alikuwa na mimba ya sita, na presha ilikuwa inampanda. Shemeji akauliza kwa sauti ya chini huyo daktari huonana na watu siku gani.