Begi la Msiba

Nairobi naijua sana. Ukitaka nitakueleza majiko ya Kibera moja baada ya jingine: la mama yake Alal linavuja, la shangazi Zamzam lina moshi mpaka hujui ni nani analia kwa uchungu na ni nani analizwa na kuni. Juba nimefika. Bunia nimefika. Kote nimefika, na kote nimeona masufuria. Sisi Wanubi, hasa ukoo wa mume wangu, hatuvuki mpaka ila mtu amekufa au mtu anaolewa, na ukishafika unakunja mikono ya gauni unaingia jikoni na wenzako. Siku ya kuondoka unaonyeshwa kituo cha basi. Hayo ndiyo yamekuwa matembezi yangu ya ng'ambo.

Aliyeona dunia ni Muhamadi. Aliendesha malori miaka na miaka, na kila akirudi alinipa habari za milima inayotoa moshi, na za Ziwa Kivu kule Gisenyi, Rwanda, ziwa lisilo na mamba wala kiboko. Alisema ufukweni kuna mchanga na watu wamekaa.

"Wamekaa wanafanya nini?" nilimuuliza.

"Wanaangalia maji."

Hilo likanikaa rohoni. Watu wazima, mchana kweupe, wamekaa wanaangalia maji, na hakuna anayewaita wakamenye vitunguu.

Alipoacha lori nikamwambia, Baba Latif, sasa nipeleke mimi. Lakini sitaki kwenda kwa mtu. Nataka nchi ambayo hatuna ndugu hata wa kusingiziwa, tulale hotelini, tuzunguke tuone, turudi. Alicheka, akaona mimi sicheki, akaacha.

Tukakaa kibarazani kwetu hapa Mbuya tukaanza kuzichambua nchi. Kenya haiwezekani, hujashuka vizuri kwenye basi unaulizwa mbona hukuja kwenye arobaini ya fulani. Sudani ndiyo usiseme. Tanzania nilidhani tumepata, kumbe kuna binti wa binamu yake ameolewa Mwanza.

"Tupite kimyakimya," nikasema.

"Mwanza lazima nitaonekana," akasema. "Mimi nina bahati hiyo."

Zamu ya Rwanda ilipofika alikuna kidevu muda mrefu, akiwapitia watu wake wote kichwani, wazima na marehemu. Mwishowe akasema, "Rwanda hatuna mtu." Nimeishi na mwanamume huyu tangu ujana wangu na sijamsikia akitamka maneno matamu kama yale.

Tukapanga. Basi la Kigali, tulale, asubuhi tuendelee Gisenyi. Hoteli aliichagua yeye, ile aliyokuwa akiipita na lori akiwaona wageni wanakunywa chai ghorofani. Nikanunua kitenge sokoni Nakawa, na viatu vya kutembelea. Tukakubaliana tusimwambie mtu. Tukishafika ndipo tupige simu. Nilifurahi hadi nikaanza kujiogopa, maana furaha yangu haina mazoea ya kukaa muda mrefu.

Kosa lilikuwa begi. Sisi hatuna begi kubwa, na Muhamadi, bila kuniuliza, akaenda kuazima lile la dada yake Maimunah pale Nakawa. Hapo sijui alikuwa ameacha wapi akili. Begi lile ni la kahawia, zipu yake imeshonwa upya, linakaa juu ya kabati la Maimunah na ukoo mzima unaliazima. Tangu nimeolewa, halijawahi kushuka pale ila mtu amekufa mbali. Na katika ukoo huu hatumuulizi mtu aliyekuja kuchukua begi ni nani amekufa. Unampa. Halafu unakwenda nyumbani kwake, unaweka sukari chini, unakaa.

Basi kesho yake alasiri, napiga pasi kitenge changu, mlango ukafunguliwa. Akaingia Maimunah, na binti yake Jamilah, na wanawake wengine nyuma yao wana sukari na mikeka. Maimunah mwenyewe alikuwa amekumbatia sufuria kubwa. Akaliweka chini, akanishika mabega, machozi yanamtoka.

Nilijua ni mwanangu Latif, kapata ajali.

"Nani?" nikauliza.

"Wewe ndiye utuambie," akasema Maimunah.

Nikageuka nikamtazama Muhamadi. "Uliwaambia nini watu hawa?"

"Niliomba begi tu. Dada akauliza wapi, nikasema Rwanda." Na alisema kwa uso wake ule ule, ambao hata siku ya harusi yetu watu walikuwa wanampa pole.

Hapo hapakuwa na pa kujificha. Nikawaambia hakuna aliyekufa.

"Sasa mnakwenda kwa nani?" akauliza Maimunah.

"Hatuendi kwa mtu, wifi. Tunakwenda kuona."

"Kuona nani?"

"Kuona ziwa."

Wakatazamana. Jamilah akasema polepole, "Lakini mke wa mjomba, ziwa si liko hapa Ggaba?"

"Ggaba kuna wauza samaki wanaojua jina langu," nikamjibu, na nilimjibu kwa ukali, maana nilishaona safari inanitoka mkononi. Neno la Maimunah halina rufaa katika ukoo huu. Amewazika wazazi wao, amewalea wadogo zake, Muhamadi akiwa mmoja wao. Akisema safari hii ni upuuzi, Muhamadi atalirudisha begi jioni ile ile, na mimi nitakisubiri kifo cha mtu ndipo nivae kitenge changu.

Wanawake wakacheka, wakanitania kwamba nimekuwa mzungu uzeeni, wakaondoka. Sukari waliiacha; sukari ya msiba hairudi nyumbani. Maimunah hakuondoka. Alikaa juu ya mkeka, sufuria mapajani. Nikaendelea kupiga pasi mahali palepale mpaka nikaogopa kitenge kitaungua.

"Mombasa nimekwenda," akasema baadaye. "Kwenye msiba wa ndugu yetu Marjan. Kwenye harusi ya bintiye. Mke wake alipokufa nilikwenda tena. Bahari sijaiona. Walisema iko karibu, nyuma ya ile misikiti miwili. Usiku nilikuwa naisikia."

Nikaiweka pasi kando.

"Hilo begi lina nafasi?" akauliza.

Nilikasirika, wallahi. Nimetafuta nchi isiyo na ndugu, nimeipata kwa taabu, na ndugu mwenyewe huyu hapa kakaa kwenye mkeka wangu anaomba kuja. Lakini alikuwa haniangalii. Huyu mwanamke ambaye huamuru wanaume wakae na wakakaa, alikuwa anatazama ndani ya sufuria tupu, anaogopa jibu langu. Hasira ikaniishia hapohapo.

"Kwa sharti moja," nikasema. "Jikoni hatuingii."

"Chai ya asubuhi atapika nani?"

"Wao."

"Na vyombo?"

"Wao, wifi."

"Mimi nitakuwa wapi?"

"Umekaa. Unaangalia maji."

Akafikiri. Nikaona anajaribu kujiona amekaa hivyo, na picha haimjii.

"Rukiah," akasema, kwa sauti ya chini ili mdogo wake asisikie, "mimi kukaa hivyo sijui."

Nikainama nikamwondolea sufuria mapajani. Alilishikilia kidogo, kisha akaliachia. Nikalipeleka nje. Niliporudi, mikono yake ilikuwa bado mapajani, imefunguka, kama inasubiri kupewa kitu kingine cha kushika.

Nikalifungua begi, nikayasogeza mashati ya Muhamadi pembeni.