Joho la Hemedi

“Mkono huo uliomvika sanda mwanangu, ndio utakaomshonea mjukuu wangu nguo ya Maulidi?”

Aliyeniuliza ni Biubwa, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta hapa Chole. Tulisoma chuo kimoja cha Kurani tukakalia jamvi moja, tukaozwa mwaka mmoja. Alikuwa ameketi kizingitini pangu anamenya muhogo, na maganda anayatupa uani kwangu kama ilivyo kawaida yake. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayegusa maji kwa kidole cha mguu kabla ya kuingia.

Nikamjibu, “Mkono ni huu huu, shoga. Mwenyezi Mungu hakunipa wa tatu.”

Mimi ndiye mwosha wa wanawake wa hapa, tangu mama yangu aliponiachia kazi hiyo. Ni kazi ya thawabu, na siijutii, ila watu hunisalimia kwa adabu iliyozidi, na nikienda kumtazama mgonjwa hunigeuzia uso ukutani. Zubeda, binti pekee wa Biubwa, nilimwosha mimi, siku ya tatu baada ya kumzaa Hemedi. Kwa desturi mwosha hupewa nguo za marehemu. Biubwa akanipa leso ya Zubeda, nyekundu yenye madoa meupe. Sikuivaa hata siku moja. Niliikunja nikaiweka chini kabisa ya kasha.

Kisha mume wangu Muhidini naye akatangulia mbele ya haki. Nikakaa eda yangu, miezi minne na siku kumi, na siku niliyotoka kaka yangu Mfaume akaja kutoka Bweni kunichukua.

“Mwanamke hakai peke yake akazungumza na kuta,” akasema. “Kwangu kuna nafasi.”

Nikamwomba aniache. Kaburi la Muhidini liko nyuma ya nyumba. Nikifungua dirisha asubuhi naanza kwa kumtolea salamu, ndipo naanza mengine. Bweni ni mwisho wa kisiwa kikubwa. Nani angemsalimia?

Mfaume si mtu mgumu. Alikaa barazani akanywa kahawa vikombe vitatu, akaniambia, “Nakupa mpaka Maulidi. Ukipata kazi ya mikono yako, kazi ambayo watu watakujia mlangoni, kaa. Usipopata, nakuja na unafunga kasha, na kilio sitaki.” Tulikuwa Mfungo Nne. Maulidi ni Mfungo Sita.

Kazi yenyewe ililetwa na Hemedi. Alikuwa na umri wa miaka minne, na kila siku alipita kwangu kulitungua joho la marehemu mume wangu kutoka kwenye kigingi. Alijitundika joho lile jeusi, akajifunga kitambaa cha vyombo kichwani kiwe kilemba, akachomeka mwiko kiunoni kuwa ndio jambia, akanisimamia mbele.

“Mimi Liwali. Nisalimie.”

“Shikamoo, Liwali.”

“Marahaba. Nipe andazi.”

Siku moja Liwali alilikanyaga joho akaangukia kidevu. Nikasema basi, kuliko limvunje meno. Joho liliniangukia mimi katika mirathi, na Muhidini hakupata kumnyima mtoto kitu. Nililia kidogo, nikasema Bismillahi, nikaingiza mkasi. Muhidini alikuwa mtu mrefu. Joho lake moja lilitosha majoho matatu ya watoto. La kwanza nikamkatia Hemedi kwa macho tu, la kuchezea, na akalivaa mpaka kwenye matope ya mikoko.

Watoto wa mtaa walipomwona, hapakukalika. Mama zao wakaanza kunijia. Hapa kwetu watoto ndio wanaotangulia katika zafa, maandamano ya Maulidi, na kila mama anataka wake atazamwe. Chiku, mke wa mpiga chokaa, akaniletea kitambaa cha doria niwashonee pacha wake suruali za marinda, zile zenye mikunjo ya nguo kifundoni kama za mabibi wa Unguja. Mwingine akaleta bafta ya kanzu, mwingine kitambaa cha kizibao chenye kazi ya hariri kifuani. Kapu langu likajaa. Nilikuwa nikiswali Alfajiri, namsalimia Muhidini, nashika sindano, na mchana unanikuta papo hapo nimeketi juu ya mkeka, mgongo unauma na moyo umetulia. Hodi ilipigwa mlangoni kwangu, na hakuna aliyekufa.

Biubwa peke yake ndiye aliyechelewa kuagiza, na siku ile ya muhogo ndipo aliponiuliza swali lake. Alipomaliza kumenya akasema, “Haya, mshonee. Joho la maana, si lile tambara. Lakini uzi usimguse mjukuu wangu.”

“Naujua mwiko, Biubwa.”

“Najua unaujua. Nakuambia tu.”

Kwetu maiti ndiye anayepimwa kwa uzi. Hulazwa, akapimwa toka utosini hadi unyayoni, sanda ikachanwa kwa kipimo hicho, na uzi ule ukazikwa naye. Aliye hai hupimwa amesimama, kwa shibiri ya mkono. Hilo hata mtoto wa chuo analijua.

Zikabaki siku sita Maulidi yafike. Nikamwita Hemedi nimpime shibiri zake, naye alikuwa kama pweza kwenye kapu. Nikishika bega, mkono umeponyoka. Nikifika kiunoni, yuko mlangoni. Nikampa andazi atulie. Akala, akalala palepale mkekani, mdomo umejaa sukari. Nikashukuru. Nikasema moyoni, nimalize upesi kabla hajaamka.

“Mwanasiti!”

Biubwa alikuwa mlangoni, na sauti ile sijapata kuisikia tangu siku ya Zubeda.

Nikatazama chini. Mkono wangu wa kushoto umeshika uzi utosini mwa Hemedi, wa kulia umeshika ncha ya pili kwenye unyayo. Miguu yake nilikuwa nimeinyoosha. Mikono yake nilikuwa nimeilaza ubavuni. Hakuna hata moja nililokumbuka kulifanya. Mikono yangu ilimwona mtu amelala kimya, ikafanya kazi inayoijua.

“Biubwa, sikukusudia, wallahi...”

Alimnyakua mtoto akaondoka naye, na Hemedi akaamka njiani analilia andazi lake.

Kabla ya Alasiri habari ilikuwa imezunguka Chole nzima. Wale mama wakaanza kuja kuchukua vitambaa vyao, mmoja mmoja, kila mtu na adabu zake na uongo wake. Mmoja alisema mumewe ameota. Mwingine alisema mwanawe amenenepa ghafla. Chiku akaja wa mwisho, anatazama dari.

“Shikamoo, Bi Mwanasiti. Wanangu wamesema hawataki tena marinda.”

“Marahaba. Wana mwaka na nusu, Chiku. Wamesema vipi?”

“Wamesema kwa macho.”

Nikampa doria yake, na suruali moja iliyokwisha kushonwa. Hiyo ya kushonwa aliipokea kwa ncha za vidole viwili.

Sikumlaumu. Mimi nilimlaumu Mwanasiti. Najua ajali ya mja, yaani siku yake ya kufa, imeandikwa na Mola wake, wala haipimwi kwa uzi wa mtu, na hilo naliamini mpaka leo. Lakini siku zile, kila nikitoa salamu ya swala ya Alfajiri, nilitega sikio ukutani kusikia kama Hemedi anakohoa. Nikimsikia anamfokea kuku, namshukuru Mungu, natandua msala.

Nikamwandikia Mfaume barua kwa mkono wangu. Sikusoma zaidi ya chuo, lakini herufi zangu zinasomeka. Nilimwandikia, njoo, nimeshindwa.

Joho la Hemedi lakini sikuliacha. Kitambaa chake nilikuwa nimekwisha kukitenga, tena nguo ile ni ya Muhidini, na ahadi ni deni. Uzi niliupimia joho, nikauchoma, vipimo nikabaki navyo kichwani. Nikatia kazi ya hariri shingoni na pindo lote, kwa sindano nyembamba. Sanda haina pindo. Haishonwi wala haitiwi urembo. Nilipokuwa nikishona pindo lile niliona kila mchomo wa sindano unaniambia, mtoto huyu yuko hai. Na kwa ndani, upande wa moyo, nikaweka kitu changu mwenyewe, ambacho sikumwambia mtu.

Mfaume akafika asubuhi ya kuamkia Maulidi. Alikaa barazani, akaniuliza tu, “Kasha hilo ni zito?” Nikasema si zito. Mkasi nilikuwa nimekwisha kuutia ndani na kamba nimeifunga. Wanawake wa mtaa wakaja kuniaga, maana kuagana nako ni sunna. Hata Chiku alikuja, akaketi nyuma kabisa na pacha wake mapajani. Wakakaa mkekani kama wako matangani.

Ndipo akaingia Biubwa, amemkokota Hemedi kwa mkono. Hakusalimu. Aliwapitia wanawake, akamketisha mtoto mapajani kwa Chiku juu ya wale pacha, kisha yeye mwenyewe, na umri wake, na magoti yake yanayolia, akashuka chini akajilaza chali katikati ya mkeka. Akanyoosha miguu. Akalaza mikono ubavuni.

“Nipime,” akasema.

“Biubwa, inuka, watu wanatazama.”

“Ndiyo nataka watazame. Leta uzi. Toka utosini mpaka unyayoni, kama ulivyompima mwanangu.”

“Astaghfirullah,” Chiku akanong’ona.

“Wewe nyamaza na mapacha wako wanaosema kwa macho!” Biubwa hakunyanyua hata kichwa. “Sikilizeni nyote. Huyu mtoto tangu apimwe ana siku tano. Amevunja mtungi wangu. Amemng’ata mbuzi wa watu sikio. Jana amekula ukoko wa sufuria mbili. Mtu wa kufa hana kazi nyingi hivyo. Nimekaa nasubiri afe, Mwanasiti, nimechoka kusubiri. Sasa nipime. Kama uzi unaua, uanze na mimi mwenye meno matatu.”

“Na usipoua?” mmoja akauliza.

“Usipoua nataka suruali ya marinda. Toka niolewe sijapata kuvaa marinda.”

Mtu mmoja akacheka, kisha wakacheka wote, mpaka nikamsikia Mfaume anakohoa barazani. Mimi sikucheka. Nilifungua kamba ya kasha, nikatoa mkasi na kibunda cha nyuzi. Nikapiga magoti. Utosini nikabana kwa kidole gumba, nikaupitisha uzi juu ya paji la uso lile ninalolijua tangu halina kunyanzi, juu ya kifua, nikafika miguuni.

“Unanitekenya,” akasema, na macho ameyafumba kabisa. Nikaona chozi moja limemtoka pembeni likaingia sikioni. Alikuwa anaogopa, Biubwa wangu. Aliogopa kuliko wote waliokuwamo chumbani, na amelala vilevile.

“Nimemaliza,” nikasema.

Alifumbua jicho moja. Akainuka kwa kunishika bega, akauchukua ule uzi mkononi mwangu, akaukunja vizuri, akautupa ndani ya kapu langu la kushonea. “Huu hauzikwi. Wa kazi huu.”

Chiku akafungua pembe ya leso yake akatoa ile doria na ile suruali moja, akaviweka juu ya kapu. Alikuwa amekuja navyo. Sijui alikuwa akimsubiri nani aanze.

Mfaume akapiga hodi, akachungulia. “Kasha ndio hilo?”

“Ndilo, kaka,” nikasema. “Lakini mkasi umeshatoka.”

Akalitazama kapu, akawatazama wanawake, akarudi barazani akaitisha kahawa.

Nikamwita Hemedi. Safari hii alisimama wima kama mlingoti, kwa sababu ameliona joho. Nikamvisha. Lilimfika kifundoni, halikuburuta wala halikupungua.

“Mimi Liwali,” akawaambia wanawake.

“Shikamoo, Liwali!” wakaitika wote.

Biubwa akainama kumweka sawa shingo, mkono wake ukaingia ndani ya joho upande wa moyo, ukasita. Akaugeuza upindo nje. Palikuwa na kipande cha leso nyekundu yenye madoa meupe, nimekishona kwa mishono midogo midogo kisikwaruze ngozi.

Akakipapasa kwa kidole gumba. Akanitazama. Kisha akaurudisha upindo mahali pake, akaulaza vizuri, akamshika mjukuu wake mkono, akatoka naye.