Mlango wa Mabibi

Bimdogo hakuja kusikiliza historia. Alikuja kutafuta pa kupitia, na miguu ilikuwa inamwaka moto.

Jumamosi binti yake Amna, bi harusi, anapambwa, shughuli ya wanawake peke yao, katika ukumbi wa juu wa hoteli hii kongwe ya katikati ya Houston. Ukumbi hauna kasoro. Kasoro ni njia: ukiingia mlango mkubwa unapita katikati ya baa, wanaume wamejaa na glasi zao. Dada yake, Bi Mwatumu, alishaapa kwamba akipitishwa hapo anageuza gari arudi zake mtaani Gulfton, na akigeuza yeye, nusu ya wanawake watamfuata. Amna atapambwa atazamwe na viti.

Na huyu Lenny, msimamizi wa hoteli, kazi yake kusimulia tu! Marumaru ilitoka wapi, ngazi ilichongwa na nani, tajiri gani wa pamba alilala chumba gani. Amna anatafsiri, Bimdogo anasonya.

Mwisho wa ukumbi wa chini akauona mlango wa pembeni, umezungushiwa kamba nyekundu.

"Na huu?"

Lenny akashusha sauti kama yuko matangani.

"Mama, anasema huu ulikuwa ladies' entrance, mlango wa mabibi," alisema Amna. "Enzi zile wanawake hawakuruhusiwa kupita mbele. They're so ashamed, ndiyo maana wameu-close. Anaomba radhi."

"Unatokea wapi?"

"Una ngazi yake, mpaka ukumbi wa juu."

Bimdogo nusura apige kigelegele. "Mwambie aufungue Jumamosi!"

Lenny akaomba radhi tena. Hoteli haiwezi, hata kidogo, kuwarudisha wanawake kwenye mlango ule.

"Khaa! Mie sitaki radhi, nataka ufunguo!"

Akaomba radhi nyingine. Bimdogo akachoka, akachoka kwelikweli. Akaegemea ukuta, akautazama ule mlango, vitasa vyake vya shaba vinang'aa.

"Muulize, wanawake weusi nao walipita hapa?"

Amna akauliza. Lenny, aliyekuwa hakaukiwi na maneno tangu asubuhi, sasa alitumia kidole tu. Akakinyoosha kule nyuma, jikoni: wao walipitia huko.

Bimdogo akajitoa ukutani. Uchovu ulimtoka, hasira ikakaa mahali pake.

"Mwambie hawezi kuturudisha mahali ambapo hatukuwahi kufika. Afungue."

Amna akatafsiri, neno kwa neno. Lenny akaishika ile kamba nyekundu, akaifungua mwenyewe, na safari hii hakuomba radhi.