Mahamali katika Damu ya Mwanakuu

Wifi yangu Mwanakuu alianza kukonda mwaka wa tatu wa uhuru. Moyo ulimwenda mbio hata akiwa ameketi, mikono ikamtetemeka hadi uzi haupiti kwenye tundu la sindano, na shingo yake ikajaa kidogo kwa mbele. Jirani akasema ni rovu. Jirani zetu wa mtaa wa Kuze hawakosi jina la ugonjwa wa mwenzao. Kaka yangu Jamaldin akaingiwa na hofu, akatuagiza tumpeleke mkewe kwa Daktari Mung'aro, kijana wa Kigiriama aliyefungua kliniki upande wa Buxton.

Tukaenda watatu: Mwanakuu, mimi, na mamangu, ambaye mtaa mzima humwita Nana. Daktari akapapasa ile shingo, akahesabu mapigo ya moyo, kisha akauliza kwa adabu, macho chini:

"Bibi ana mimba?"

Mwanakuu akamtazama mama mkwe wake. Mke wa watu hasemi habari za tumbo lake mbele ya mwanamume, sembuse mkwewe akiwapo. Nana akamjibia.

"Hana."

Alikuwa nayo, tena ya miezi miwili. Mimi sikujua. Mimba tatu zilikuwa zimeharibika, na zote zilitangazwa mapema, wanawake wakaja kuchungulia na kukadiria ni mume au mke. Safari hii Nana alikula kiapo kwamba haitatajwa mpaka ionekane yenyewe. Aliogopa jicho la watu kuliko maradhi yoyote.

Damu ikatolewa, ikapelekwa Nairobi. Jibu lilisema homoni ya tezi ya shingo imezidi mno. Daktari akatoa vidonge vya kuituliza hiyo tezi, na Nana hakuona ubaya. Dawa ya shingo na tumbo wapi na wapi?

Mwanakuu alitulia kweli, akatulia hata akapitiliza. Alishinda kitandani, amejifunika shuka mbili katika joto la Machi, uso umemvimba, sauti imekuwa nzito. Nikimtania hacheki, na mimi utani ndio kazi yangu. Asubuhi moja nikamkuta amekumbatia tumbo, analia.

"Khairiya, n'na mimba," akanambia. "Naona damu."

Tulimkimbiza hospitali, akalazwa, na Daktari Mung'aro akaja kumwona. Nana akamwambia kweli yote, wima, bila kujitetea. Daktari akavuta kiti akaketi.

"Mama," akasema, "homoni haiendi peke yake katika damu. Hubebwa na protini. Zichukulie kama mahamali wa bandarini. Mzigo ulio mgongoni kwa hamali haujamfaa mtu. Mwili hutumia ule uliokwisha kutuliwa dukani tu, nao ni kidogo. Mwanamke akishika mimba, mahamali huongezeka, na mizigo ya mgongoni huongezeka nao. Kipimo chetu huhesabu yote pamoja. Nilipoona mizigo mingi nikadhani duka limefurika, nikampa dawa ya kupunguza. Kumbe dukani mlikuwa na kiasi cha kawaida. Kukonda, moyo kwenda mbio na shingo kujaa kidogo, hata mimba na hofu yake huyaleta."

"Basi pimani hiyo ya dukani," nikasema.

"Kipimo chake hatuna. Hata Nairobi hawana."

"Sasa twafanyaje?"

"Vidonge aache. Alale. Tungoje."

Tungoje! Mtu amesoma mpaka Makerere, na neno lake la mwisho ni hilo. Nilitamani kumrukia. Lakini nilipomtazama, alikuwa akizipinda zile karatasi za hospitali na kuzinyoosha, hana pa kuiweka mikono yake, nikaona mwenzangu huyu naye amekwama kama sisi.

Tukangoja. Jamaldin alisimama nje ya wadi, kwa kuwa wanaume hawakuruhusiwa kuingia, akawa anauliza kila nesi anayepita. Nana alisoma dua zote anazozijua. Ijumaa mimba ikatoka.

Daktari alipokuja, Nana alimuuliza kwa sauti ya chini.

"Mwanangu, lau ningekwambia yuna mimba, ingekaa?"

"Sijui, mama. Zile tatu zilitoka bila dawa yangu. Siwezi kusema ni dawa, wala siwezi kusema si dawa."

Nana akaitikia kwa kichwa. Alikuwa ameyaelewa yote, hata mimi usiku ule alinieleza upya habari ya mahamali, taratibu, hakukosea kitu. Nilimwonea huruma na hasira papo hapo. Elimu ile ilimfikia nzima, na hapakuwa na la kuifanyia.

Tulirudi na Mwanakuu Kuze. Mara zile tatu nyumba ilijaa wanawake waliokuja na uji, wakakaa naye, wakalia naye. Mara hii hakuja mtu kutoa pole, kwani ni nani aliyejua? Walikuja waliosikia kwamba alilazwa kwa ajili ya shingo. Waliingia na vicheko na marashi, wakambana mashavu.

"Mashaallah, Mwanakuu! Umenenepa! Dawa imekukubali!"

Nana akawamiminia kahawa. Mwanakuu akawashukuru, mmoja baada ya mwingine, kwa majina yao.