Msingi wa Kiunoni

Kozi ya kumi na mbili ya matofali ilikuwa inapanda pale Adelard, ofisa wa majengo, alipoingia kiwanjani na karani wake aliyeshika kopo la rangi nyekundu. Mwamvita, muuza vitumbua wa Vingunguti, alikuwa amepiga magoti akimwagilia matofali mapya. Masika yalikuwa yamebakiza wiki tatu, na chumba alichopanga bondeni kilijaa maji kila mwaka mpaka kitandani. Safari hii aliapa mvua itamkuta kwake.

"Shikamoo mama," Adelard alisema.

"Marahaba. Sogea kivulini, baba, usiungue."

Hakusogea. Alimweleza kwamba tofali la udongo halikubaliki mjini. Mwamvita naye akamweleza taratibu, kama anayemfundisha mkwe kupika. Msingi wa mawe umeinuliwa hadi kiunoni, maji yapite zao. Paa litatokeza sana, ukuta usilowe na ndani kuwe na ubaridi bila feni. Udongo umetoka kwenye shimo jipya la choo hapo hapo, ukatiwa saruji kidogo, ukashindiliwa kwa mashine ya mkono na kukaushwa kivulini bila hata ukuni mmoja. Matofali ya kuchoma yalishamaliza miti ya Pugu.

"Mie siwezi kulikimbia joto huku nalichochea kwa kukata miti," alisema.

Fundi Mwinshehe akaopoa tofali kwenye pipa la maji, lilikolala tangu Ijumaa. Ndivyo walivyopima kila fungu. Adelard alilikwangua kwa ufunguo, akaligonga kwa nyundo. Halikumeguka.

"Mimi silikatai, mama," alisema akiangalia chini. "Fomu ndiyo inalikataa. Saruji imo, udongo haumo."

"Na zile nyumba za saruji kule bondeni, mbona mmezipitisha na kila mwaka zinazama?"

"Zile fomu zake zimekamilika."

Alimpa karani ishara. Alama ya X ikachorwa ukutani, na Mwamvita akapewa siku saba awe amebomoa. Walipoondoka rangi ilikuwa bado inachuruzika.

Mwinshehe aliuliza kama wasimame kwanza. Mwamvita alifuta mikono kwenye kanga. Machozi yalimlenga, wala hakuyaficha. Kisha akainua tofali, akamkabidhi.

"Zimebaki kozi sita, na bati lile pale. Jenga, fundi. Wakija kubomoa wanikute nimeshahamia."