Tarakimu ya Tisa

Mwalimu alipostaafu kufundisha hesabu, hakutundika picha ukutani. Alimwita fundi wa vibao, akamwambia amfungie tarakimu nane za shaba kwenye mlango wa chumba chake: 73939133. Mdogo wake, mshonaji aliyeishi naye tangu wazazi wao wafariki, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Dada, wenzako huandika 'Karibu'."

"Hii ni namba tasa," Mwalimu alisema. "Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Ikate mkia, inabaki tasa. Ikate tena, vilevile, mpaka ibaki saba peke yake. Lakini huwezi kuiongezea kitu mwishoni. Weka tarakimu yoyote ile, utasa unakwisha." Akatabasamu. "Tasa kama mimi, ila yenyewe haisengenywi."

Miaka ikapita. Alasiri moja mshonaji alikuwa akipita na kitambaa begani, akasimama ghafla. Mwishoni mwa namba palikuwa na tarakimu ya tisa, moja.

"Dada! Nani kaongeza hii?"

Mwalimu alitoka na kicheko, kikamfia mdomoni. Midomo ikawa inamchezacheza, alikuwa anajumlisha tarakimu zote.

"Thelathini na tisa," akanong'ona. "Inagawanyika kwa tatu. Si tasa tena."

Fundi akaitwa. Aliapa kwamba alichonga nane tu. Skrubu zilikuwa zimeshika kutu, akahangaika nazo mpaka jasho likamtoka. Tarakimu ilipong'oka, mbao ya chini yake ilikuwa nyeupe, na mlango mzima ulikuwa umekolea weusi wa miaka.

"Mama, hii haikuja leo," alisema bila kuwatazama.

"Ichukue," Mwalimu akajibu. "Kaiyeyushe."

Fundi akaondoka nayo, na nyumba ikawa kimya kama nyumba iliyotoka kuzika. Mshonaji akarudi kwenye cherehani, angalau kazi imsahaulishe. Sindano ilikuwa imechoma gauni lililoshonwa nusu. Mishono ilikuwa ya mkono wake, hata ile tabia yake ya kurudia pindo mara mbili. Ila mabega yalikuwa membamba, ya msichana, na hakuna mteja aliyewahi kuleta kitambaa kile.

Akampelekea dada yake. Mwalimu, ambaye maisha yake yote hakukubali jambo bila uthibitisho, alilishika gauni, akalinusa, na machozi yakaanza kumtiririka.

"Simjui," alisema. "Mbona namlilia?"

Wakatoka mbio, viatu mkononi, hadi kwa fundi. Walimkuta anafuta masizi.

"Si mlisema niiyeyushe?"

Wakarudi nyumbani. Mshonaji akalimalizia lile gauni, maana kuliacha vile aliona ni kama kumfungia mtu nje na mvua inanyesha. Mwalimu alimshikia pindo. Kisha wakalitundika ukumbini, kwenye msumari.

Hakuna anayelivaa. Lakini kila wiki mshonaji hulishusha akalifua, kwa sababu kola yake huwa imeshika jasho.